Sauti Mbili Kwenye Ukungu

Ukungu wa pwani ile hutoka baharini. Kila mtoto wa kisiwa cha Newfoundland anajua hivyo. Ule wa Jumamosi ile ulitoka bara.

Loretta Careen aliuona ukitambaa mabondeni, kimya, bila upepo, wakati yeye na mumewe Ambrose wako juu ya kilima cha pili. Vilima vilikuwa vitatu, vifupi, vimejipanga kando ya bahari kama mabega ya watu waliochuchumaa. Mtu huvipita vyote baina ya chakula cha mchana na chai ya jioni, akarudi na ndoo ya matunda mekundu ya kupikia jemu.

"Ambrose, tushuke. Na mkate wako uushike."

"Mkate upi?" Ambrose alijipiga tumbo. "Nimeshaula, kizee. Mkavu kama mahubiri ya padri!" Akalamba kile kidole chake kifupi, ambacho ncha yake ilibaki kwenye mashine ya kuvutia nyavu.

Loretta hakucheka. Hakuna aliyepanda vilima vile bila kipande cha mkate mfukoni, wala hakikuwa cha njaa. Kilikuwa kwa ajili ya wale waishio chini ya mawe, aina ya majini ambao watu wa pale huwaita Wale Wema, kwa kuogopa kuwataja. Mwenye mkate hawamgusi.

"Chukua nusu ya wangu."

"Kaa nao. Wakinibeba mimi, watanirudisha kabla ya chakula cha jioni. Nani ataniweza?"

Akatangulia na ndoo yake, huku akipiga mluzi. Ukungu ukamfunika miguu, kiuno, kofia. Kisha mluzi ukakatika.

Ndege wakanyamaza. Bahari nayo ikanyamaza. Harufu ikapanda kutoka ardhini, harufu ya udongo mbichi wa kaburi.

"Kizee!" Sauti ilitoka kulia. "Simama hapo hapo! Kuna genge karibu yako. Ukianguka nani atanifulia soksi?"

"Mpenzi." Hii ilitoka kushoto, taratibu. "Njoo. Nipe mkono."

Sauti zote mbili zilikuwa za Ambrose.

Loretta alikamata mkate mfukoni hadi ukapondeka, na katika weupe ule usio na juu wala chini alijua, kama mtu anavyojua mlango wa nyumba yake gizani, kwamba Ambrose hajawahi kumwita mpenzi tangu siku ya harusi; alijua, na bado moyo wake uligeuka kushoto, kwa maana mtu mwenye hofu hutafuta upole, naye alikuwa ameusubiri upole ule tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

"Nitajuaje kama ni wewe?" alinong'ona.

"Umechoka, mpenzi. Miaka yote umechoka, na sikusema neno."

"Kizee, unaongea na nani?" Sauti ya kulia ilianza kutetemeka. "Loretta! Usimjibu! Nakuja, we kaa tu!"

"Utupe huo mkate," ile ya kushoto ikasema, karibu kabisa na sikio. "Wa nini tena? Mimi niko hapa."

Akautupa.

Mkono ukashika wake, laini, baridi kidogo, ukamteremsha kilima bila kujikwaa hata mara moja. Nyuma yao mtu aliita, akatukana, akaita tena, mpaka sauti ikafifia.

Nyumbani mwenye mkono ule alimvua viatu. Akawasha jiko. Akammiminia chai, naye Loretta akalia kwa shukrani, hadi macho yake yalipotua kwenye mkono ulioshika birika.

Vidole vitano. Vizima, hadi kwenye kucha.

Aliinuka taratibu. Alinyakua mkate mzima uliokuwa mezani, akarudi kinyumenyume hadi mlangoni. Yule hakumfuata. Aliusogeza tu uso wake mbali na mkate, kama mtu anayekwepa moshi.

Nje giza lilikuwa linaingia. Kutoka vilimani, mbali sana, sauti ikaja imekauka:

"Kizee! Washa taa dirishani! Sioni njia!"

Taa ilikuwa tayari inawaka dirishani, lakini ukungu uliizuia isifike mbali. Mkono wa Loretta ulikuwa juu ya komeo.

"Huko nje kuna baridi," yule akasema kwa upole. "Mwenzako akirudi, atakuuliza chakula kiko wapi. Mimi nitakuuliza umelalaje. Weka huo mkate nje, mpenzi, uje ukae."

Harufu ya udongo ilijaa jikoni.

"Kizee! Taa!"

Akafungua mlango, akauweka mkate kwenye kizingiti, nje. Akaufunga. Kisha akaenda dirishani, na kwa mkono wake mwenyewe akazima taa.