Safu Saba za Nyamizi

Kizidishi, mashine ya kufundishia kuzidisha, kilimwaga mbegu za mwanga sakafuni, na watoto wa darasa la pili wakazirukia. Mbegu hizo hushikika mkononi. Binti mmoja akapanga safu tatu za mbegu nne, akazunguka upande wa pili, akapiga kelele: "Sasa ni safu nne za tatu! Lakini bado kumi na mbili!"

Ukumbi mzima wa Mpanda ukacheka. Mhandisi Sikitu Kasogela, aliyekiunda kizidishi hicho, hakucheka. Alikuwa akimtazama mgeni rasmi, Mwalimu Nsokolo, mzee wa miaka themanini. Sikitu ndiye aliyemwalika, kwa barua tamu, na nia yake ilikuwa chungu.

Miaka thelathini na moja alikuwa akiisubiri siku hii. Katika darasa la Nsokolo, aliyepata jibu ndiye aliyemchapa aliyekosa. Rafiki yake Nyamizi alikosa saba mara nane siku tatu mfululizo. Siku ya nne hakuja shule, wala hakurudi tena.

"Mwalimu," Sikitu alisema kwenye kipaza sauti, "tujibie saba mara nane."

"Hamsini na sita!" mzee alijibu kwa madaha.

"Na kama umesahau?" kizidishi kiliuliza. "Utalipataje?"

Mbegu zikajipanga safu saba, kila safu nane. Mzee akaanza kuimba, saba mara moja, saba mara mbili, akapotea njiani.

"Kata safu tano, babu!" yule binti alimwambia. "Hizo ni arobaini. Mbili zilizobaki ni kumi na sita."

Mzee hakuelewa. Watoto wakaangua kicheko, na moyo wa Sikitu ukasuuzika kwelikweli.

"Amekosa," alisema. "Kwako aliyekosa alifanywaje? Nyosha mkono, Mwalimu."

Kicheko kikakatika. Mzee aliunyosha mkono.

"Chapa, mwanangu," alisema taratibu. "Fimbo ilikuwa yangu na dhambi ni yangu, sikatai. Nilimfuata Nyamizi kwao, nikamwomba arudi. Akaniambia, 'Fimbo zako nazizoea, Mwalimu. Sikitu ndiye simwezi. Anachapa zaidi kuliko unavyomwagiza.'"

Sikitu akashusha kipaza sauti. Alikumbuka. Alikuwa akitaka kusifiwa na Mwalimu.

Kizidishi kiliuona mkono ulionyooshwa. Kilikuwa na kanuni moja tu kwa aliyekosa, na Sikitu mwenyewe ndiye aliyeiandika, kwa ajili ya Nyamizi. Kikajaza mbegu nane kiganjani mwa mzee.

"Si kitu, rafiki," kilisema. "Tuanze na safu moja."

Mzee akapiga magoti sakafuni, akaanza kupanga. Binti akachutama kando yake, kisha akamgeukia mhandisi. "Na wewe shangazi, njoo utusaidie."

Sikitu hakwenda. Mkono wake wa kulia alikuwa ameuficha nyuma ya mgongo.