Waya wa Kichwa cha Tatu

Msimu wa ufuta, wajukuu zangu, hauna huruma. Kule Lionja, Zuena akitoka shule anavua sare, anakula mhogo wake, halafu ni ungo tu mpaka mabega yanakufa ganzi. Na mwaka huo upepo nao uligoma. Makapi yakawa yanamrudia bibi yake, Sikudhani, usoni, na kile kifua chake kibovu, anakohoa mpaka anashika ukuta.

Mjomba Saburi, fundi redio, akaleta feni mbovu ya sola.

"Hii itatupepetea ufuta," akasema. "Ila nguvu haikuwa nayo toka zamani. Rota yake, hiki kiini kinachozunguka, wameisokota waya mwembamba mno. Tuweke mnene, mizunguko michache. Umeme upite kwa nafasi, nguvu iongezeke."

Rota ilikuwa na vichwa vitatu vya kuzungushiwa waya. Zuena akapewa kazi ya kusokota, kila kichwa mizunguko ileile. Viwili akavifanya vizuri. Cha tatu, vidole vinauma, macho yanafumba yenyewe, akakatisha njiani.

"Vyote sawa, mpwa wangu?"

"Sawa, mjomba."

Wakafunga, wakaunganisha na betri. Loo! Ikatetemeka mpaka meza ikatembea.

"Feni yenu inacheza sindimba!" akacheka Hemedy, kaka yake Zuena.

Mjomba hakucheka. Alikaa chini, kachoka, akajishika kichwa. "Basi. Waya mnene umeizidi uzito. Kumbe nilijidanganya. Tufumue wote, turudishe ule wa zamani."

Bibi alisikia. Akanyanyua ungo wake, kikohozi kikaanza tena.

Zuena akamshika mjomba mkono. "Mjomba, waya hauna kosa. Kosa ni langu. Kichwa cha tatu sikukimaliza, kikabaki chepesi. Nilichoka."

Mjomba akamsogezea kigoda. "Kaa. Wewe hesabu, mimi nasokota."

Safari hii feni ikavuma, haitikisiki. Ufuta ukadondoka kwenye turubai, makapi yakaenda zake kwa kuku. Bibi akakaa mbali na vumbi, kanyoosha miguu.

"Kuchoka si dhambi, mama," mjomba akamwambia Zuena. "Hapa nani hajachoka? Ungesema 'mjomba nipokee', ningekupokea. Ila kwa ule uongo ningelitupilia mbali wazo zuri, na bibi yako angeendelea kula vumbi. Fundi akidanganywa, anatengeneza pasipoharibika."