Ziada na Mwendo wa Bibi Bimdogo

Ziada hakuwa na baiskeli, wala begi la shule lenye zipu nzima, wala ndugu wa kupokezana naye ndoo ya maji. Mama yake alikuwa mbali, akifanya kazi Masasi. Lakini pale kijijini Makote alikuwa na Bibi Bimdogo, na msimu wa korosho waliokota pamoja kila asubuhi kabla ya shule.

Mwaka huu Bibi alipata ugonjwa wa ubongo uitwao Parkinson. Mikono ilimtetemeka, na mara nyingine miguu iligoma kunyanyuka kana kwamba imeota mizizi. Muuguzi Helena kutoka hospitali ya Newala mjini alimfunga mkononi kifaa mfano wa saa.

"Kinapima unavyotembea kutwa," alieleza. "Nikirudi, daktari atajua kama dawa inakutosha."

Ziada aliingiwa na hofu. Shuleni, mwenye alama ndogo hurudia darasa. Je, Bibi akionekana hatembei, si watampa dawa mtu mwingine?

Kesho yake alisema, "Bibi, utomvu wa mabibo utaharibu kifaa. Nipe nikutunzie."

"Chukua, mke mwenzangu," Bibi alitania. "Babu yako umeninyang'anya, sasa na saa pia!"

Ziada akakivaa mwenyewe. Akaokota korosho mbiombio, akateka maji, akaruka kamba. Jioni alimrudishia Bibi. Akafanya hivyo kila siku.

"Mbona unaruka kama mbuzi aliyekata kamba?" aliuliza Hamudi, mtoto wa jirani.

"Namsaidia Bibi."

"Bibi amekaa barazani, wewe unaruka huku. Msaada gani huo?"

Ziada akaendelea kuruka.

Muuguzi Helena aliporudi, Ziada alimwamkia, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu." Helena alisoma vipimo kwenye simu yake, akatabasamu. "Hongera, Bibi! Unatembea kama msichana. Daktari alitaka kukuongezea dawa, lakini naona hakuna haja."

"Msichana gani?" Bibi alishangaa. "Jana nimeanguka jikoni. Tazama kiwiko hiki."

Ziada alikitazama kile kiwiko kilichovimba. Akaanza kulia.

"Si Bibi, ni mimi. Nilikuwa nakivaa. Niliogopa mtamnyima dawa."

Bibi akasema, "Kumbe nimekimbia bila mwenyewe kujua!"

Helena hakucheka. Alimketisha Ziada karibu yake. "Kifaa hiki si mtihani, Ziada. Hakuna kufaulu wala kufeli. Ungenyamaza, Bibi angetibiwa kwa miguu yako. Ukificha udhaifu wa umpendaye, umeificha na njia ya kumsaidia. Ahsante kwa kusema kweli."

Bibi alikivaa tena, safari hii mwenyewe, hata aliposhika mabibo yenye utomvu. Kikaonyesha kwamba asubuhi ndiyo iliyomwelemea zaidi. Daktari akambadilishia kiasi cha dawa na saa za kuinywa. Baada ya muda, Bibi alitoka tena kwenda kuokota korosho. Polepole, lakini bila kuanguka.

"Lete karatasi," Bibi aliagiza siku moja. "Mwandikie Helena. Mwambie tunamshukuru yeye na daktari. Mwambie leo nimefika mkorosho wa mwisho, na hatua zote ni zangu."

Ziada aliandika kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote. Akabandika bahasha kwa ugali laini, akaikandamiza vizuri, akamkabidhi jirani yao, Mzee Ladislaus, aliyekuwa anakwenda Newala mjini.