Jembe la Mama Bonifasia

Chuma chekundu kikitumbukizwa majini hupiga kelele. Hiki kilinyamaza. Melkior, fundi chuma wa Mbinga, akakitoa kwenye ndoo na kukinusa. Kilinuka udongo mbichi.

Angeacha hapo hapo, lakini wapi! Sikio la kufa halisikii dawa. Soko huria lilikuwa limeingia, wanunuzi binafsi wa kahawa wanashindana kwa majumba, na mmoja wao alitaka sanamu ya mwanamke wa chuma juu ya geti lake. Miaka yote Melkior alichomelea maua ya madirishani. Hii ndiyo kazi ya kumtoa. Chuma kizuri kikakosekana, basi jamaa akashuka kwao Lundo, akazoa majembe makaburini. Kwao marehemu huachiwa jembe lake juu ya kaburi, asije akarudi nyumbani kulitafuta. Analijua hilo tangu utotoni, na bado akazoa!

Mchana kweupe, akiisugua sanamu bega, mkono wake wa chuma ulishuka, ukamsaga vidole viwili juu ya fuawe. Mkewe Tadea akatoka jikoni mbio.

"Baba Ephrasia, umefanya nini?" alinong'ona.

Akamweleza yote, na kesho yake wakashika njia kwenda kwa mganga.

Mzee Tarsisi, mganga wa Lituhi, hakuitikia hata shikamoo yao. "Kata sanamu. Kila kipande mpelekee mwenyewe, umwombe radhi. Ukingoja akifuate, hatapokea chuma."

Melkior akakata huku analia. Akarudisha mikono, miguu, kifua. Uso ukamshinda. Aliufua kwa jembe la mama yake mzazi, Bonifasia, lililolika kwa kulima mpaka likawa jembamba, laini. Maishani hakuwahi kufua kitu kizuri namna ile. Akauficha chini ya magunia ya mkaa.

"Umerudisha vyote?" Tadea aliuliza.

"Vyote, Mama Ephrasia."

Jumapili, walipotoka misani, Tadea akiwa ametangulia nyumbani, harufu ya udongo ikarudi, ikafuatiwa na vishindo kutoka karakana, na Melkior alipofika mlangoni alimkuta Tadea amepiga magoti anachimba sakafu kwa mikono, kucha zimeng'oka, mdomo umejaa udongo, na kila Melkior alipomvuta, mkewe yule mwembamba alimbamiza ukutani mpaka mbavu zikalia, akarudi kuchimba, shimo likazidi kurefuka, likafika kimo cha mtu, ndipo akageuka na kusema kwa sauti ambayo Melkior aliizika mwenyewe:

"Mwanangu, jembe langu liko wapi?"

Yesu na Maria! Melkior akapangua magunia, akautoa ule uso, akaanguka nao magotini.

"Hili hapa, mama! Nisamehe! Niachie mke wangu!"

Akaupokea. Akaupapasa macho, pua, midomo, taratibu, kwa vidole vinavyochuruzika damu. Akautupa.

"Umeliharibu. Hili halilimi tena."

Akamshika mkono wa kulia, ule wa nyundo, akauminya mpaka mfupa ukavunjika.

"Basi utanilimia wewe. Shuka."