Saa Kumi na Mbili ya Mashine

Mzee Sadallah alinipigia simu baada ya alasiri. Alitaka nifike kabla jua halijazama, nije na tesa ya kupimia umeme na bisibisi ndogo. Nilikuwa nimechoka, ila kazi ni kazi. Nikamwambia mke wangu Mwanasiti anibakizie ubwabwa, nikabeba mkoba, nikatembea hadi kwake, nyumba ya mwisho hapa Kibiti upande wa barabara ya Nyamisati.

Naitwa Nassibu, fundi umeme. Haya nayaandika bila kulia, na msomaji asidhani ni ujasiri. Machozi yamekatika tu, kama maji ya bomba.

Mzee Sadallah alifanya kazi melini miaka mingi, akarudi na mapenzi ya vitu vya watu wa mbali. Sebuleni kwake kuna tangi la kioo, urefu wake kitanda kizima, limejaa maji ya bahari. Si yale ya delta yenye tope. Yake yalikuwa maji safi, akiletewa kwa madumu na watu wa boti za Mafia. Ndani mna samaki wa rangi na matumbawe hai. Habari ya vibali sikuwahi kumuuliza. Mtaani walikuwa wakisema, "Yule mzee anafuga." Hawakumalizia anafuga nini, nami nikajua ni samaki.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, fundi. Karibu ndani. Nakwenda Umra, siku kumi na nne. Hawa hawakai hata siku moja bila mkono wa mtu, basi nimeagiza mkono."

Mkono wenyewe ulikuwa pampu ya dozi, ndogo, ya Kichina, yenye vichwa vitatu na kioo cha kuandikia namba. Kila kichwa kinavuta dawa kwenye chupa yake kwa mpira mwembamba na kuidondosha tangini. Mzee alinieleza kwa subira. Matumbawe yanakunywa chokaa ili yajenge mifupa. Ukiyapa kwa mkupuo mmoja maji yanachafuka na kila kilicho hai kinakufa. Ukiyapa kwa matone, yanaishi.

Chupa ya kwanza ilikuwa maji ya chokaa, ya pili magadi. Hizo zilitakiwa zidondoke mchana kutwa na usiku kucha.

Ya tatu ilikuwa nyeusi, imeviringishwa kitambaa. Nilipoifungua nikasikia marashi ya waridi. Na chini ya marashi… ile harufu inayobaki kiganjani ukishashika sarafu.

"Hii mara moja kwa siku," Mzee alinong'ona. "Mililita saba. Saa kumi na mbili. Isiwahi, isichelewe."

"Ya nini hii, Mzee?"

"Ya yule mdogo."

Nikachungulia tangini. Samaki wote walikuwa wadogo, kwa hiyo sikuuliza tena.

Pampu mpya lazima uipime. Nilielekeza mipira kwenye bomba la sindano, nikaiacha izunguke dakika moja, nikasoma kiasi kilichotoka, nikaiandikia. Kisha kioo kikaniuliza saa. Mimi nasoma saa ya simu kila siku, najua fika kwamba kumi na nane ya mashine ndiyo kumi na mbili yetu ya jioni. Lakini sikio lilikuwa limeshasikia kumi na mbili, na kidole kikafuata sikio. Nikaandika 12:00.

"Umeweka kumi na mbili?" Mzee aliuliza. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunga macho yote mawili, hakuweza kusoma kioo.

"Nimeweka kumi na mbili."

Sote wawili tulisema kweli.

Adhana ya magharibi ikaanza. Mzee akazima taa, akavuta mapazia.

"Leo namlisha mwenyewe, mara ya mwisho. Wewe tazama ukutani."

Nikatazama ukutani.

Tone.

Tone…

Kisha nikasikia kunyonya. Sauti ndogo, ya haraka haraka. Harufu ya matope ya mikoko maji yanapokupwa ikajaa chumba kizima, na mikoko yenyewe iko mbali na hapa. Nikajiambia ni samaki. Nilijiambia hivyo njia nzima hadi nyumbani, na ubwabwa nikaula wote.

Mwanasiti alikuwa na mimba ya miezi minane. Mbili za kabla hazikufika mitano. Nilikuwa nahesabu wiki kuliko yeye mwenyewe, na usiku nilikuwa naweka mkono tumboni kwake ili nipigwe teke. Nilimtaka mtoto huyu kuliko kitu chochote duniani. Naliandika hilo hapa mapema, kwa sababu mwisho wa habari hii halitaonekana.

Siku ya pili nilikuwa Mkongo, natengeneza mota ya mashine ya kusaga. Nikatafuta tesa, sikuiona. Nilikuwa nimeisahau kwa Mzee. Nikampigia Mwanasiti, nikamwambia achukue kwenye msumari ufunguo alioniachia Mzee akienda safari, aende akaitoe, ampe bodaboda. Ilikuwa saa sita kasoro robo mchana. Tesa ilinifikia saa nane, nikaendelea na kazi.

Nilirudi jua likizama. Nilimkuta ameketi mkekani, pindo la kanga limelowa.

"Hukunambia kama Mzee Sadallah ana mjukuu," alisema.

"Hana."

"Anaye. Nimemkuta kasimama nyuma ya tangi, namwona kwa kupitia kwenye maji. Kalowa chepechepe, maskini."

"Wa kiume au wa kike?"

"Sikumbuki."

"Kasemaje?"

"Kaniita."

Huku kwetu kila mtoto anafunzwa jambo hili kabla hajafunzwa kuhesabu. Jua likiwa utosini, ukiwa peke yako kwenye nyumba ya watu, ukasikia unaitwa na jina lako halikutajwa, usiitike. Unatoka kimya kimya. Mwanasiti alilijua hilo kuliko mimi, alilelewa na bibi yake, mtu wa kushika miiko.

"Hukuitika," nilimwambia.

Alikuwa anatazama viganja vyake.

"Kaniita mama, Nassibu."

Nikaweka mkoba chini.

"Miaka sita nimeolewa. Wenzangu wote wanaitwa. Mie hakuna aliyeniita, hata kwa kukosea." Alinyanyua uso, na uso wake ulikuwa na furaha. "Nikasema, abee."

Nilitoka mbio.

Mlango wa Mzee ulikuwa umefungwa kama Mwanasiti alivyouacha, nikaufungua kwa ufunguo. Ndani taa ya tangi ilikuwa inawaka, buluu. Matumbawe yote yalikuwa yamejikunja. Samaki walikuwa wamebanana kwenye pembe moja, vichwa ukutani, hata mmoja hachezi.

Nikaiangalia chupa ya tatu. Ilikuwa imepungua mililita saba, sawasawa.

Nikaangalia kioo cha mashine. Dozi ya 12:00, imeshatolewa. Saa ya sasa, 18:26.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kumi na mbili ya mashine ni saa sita mchana. Nikarudi nyuma hatua moja. Nikainamisha kichwa nitazame ninapokanyaga. Sakafuni kulikuwa na nyayo ndogo za matope, zimetoka kwenye tangi kwenda mlangoni. Za kurudi hazikuwepo.

Nikampigia Mzee. Alikuwa Dar kwa mpwa wake, anasubiri ndege ya alfajiri.

"Mzee… amekula mchana."



"Mchana wa saa ngapi?"

"Sita."

"Alikuwepo mtu?"

"Mke wangu."

Nikamsikia anavuta pumzi. "Miaka kumi na tisa nampa gizani," alinong'ona. "Nampa gizani ili asimjue anayempa. Akimjua, anamfuata huyo. Kamwita?"

"Kamwita mama."

"Akaitika?"

Nilizifuata zile nyayo kwa macho hadi mlangoni, na yeye hakurudia swali.

"Basi mie nimeshatua mzigo," alisema. Alikuwa analia, na mpaka leo sijui kama ni huruma au nafuu. "Nilitaka siku kumi na nne tu za kuwa mtu. Usiizime hiyo mashine, mwanangu."

"Ni nani huyu? Umemtoa wapi?"

"Mie nilichukua matumbawe. Sikujua kama kuna mtoto kalala humo."

Simu ikakatika. Toka siku ile namba yake haipatikani, na Kibiti hajarudi.

Siku kumi na mbili baadaye Mwanasiti alijifungua hospitali ya Mchukwi. Mtoto wa kike, kilo mbili na nusu, mzima kabisa. Tukamwita Hafsa. Nilipopewa nimshike nililia mpaka wauguzi wakanicheka. Hiyo ndiyo mara ya mwisho nakumbuka kusikia kitu kikinijaa kifuani. Nikadhani tumepona.

Siku ya kumi na tano ya mashine, chupa ya tatu ilikuwa tupu. Sikujua inajazwa nini, na wa kumuuliza hakuwepo. Nikaiacha hivyo hivyo, nikarudi nyumbani kukaa na wanangu… na mwanangu.

Saa sita kamili Hafsa aliachia ziwa.

Midomo ikawa buluu.

Hakulia. Nilimpiga nyayo, nikampulizia puani, nikamgeuza kichwa chini, hakuna kitu. Mwanasiti hakupiga kelele. Alivuta kikombe cha chai, akakamua maziwa yake ndani, akaniletea.

"Mpelekee mwenzake," alisema.

Nilikimbia katikati ya mtaa na kile kikombe, nimekifunika kwa kiganja. Watu walinisalimia, sikuwaitikia. Nikayamimina kwenye chupa. Pampu, iliyokuwa inazunguka hewa tupu, ikakamata. Tik. Tik. Tik. Simu ikalia mfukoni, ni Mwanasiti.

"Kapumua," alisema.

Tangu hapo kila siku kabla ya saa sita napeleka kikombe. Niliwahi kujaribu kuizima mashine. Sitaeleza niliyoyaona nyumbani siku hiyo. Jioni yake nilinunua betri ya akiba ili umeme ukikatika pampu isisimame, na wiki iliyofuata nikaongeza ya pili. Maziwa ya kopo nilijaribu vilevile. Hafsa anayatapika, na tangini yanaganda juu ya maji.

Mimi niliiandikia mashine mililita saba. Baada ya wiki nikakuta inasoma kumi na tano. Nikarudisha saba, na nilipofika nyumbani Hafsa alikuwa wa baridi, mikono imelegea. Nikarudi nikaweka kumi na tano, akapata joto. Tangu siku hiyo sigusi namba. Ikafika thelathini, ikafika sitini. Niliogopa kwenye thelathini. Kwenye sitini niliiandika tu kwenye daftari.

Kliniki muuguzi aliitazama kadi, akatazama mstari wa uzito unavyoshuka. Akaniuliza kama mama ana maziwa. Nikasema anayo mengi. Ni kweli, anayo mengi.

Majirani wanamwita Mama Hafsa. Haitiki. Si kwamba anawadharau. Anageuka kutazama nyuma, amwone huyo anayeitwa.

Leo asubuhi nimekwenda mapema kusafisha mipira, nikakuta kioo kinasoma mia na themanini. Nyuma ya tangi, kwa kupitia kwenye maji, kulikuwa na kitu kimesimama. Kimekua. Sasa kinanifika begani.

Nikarudi nyumbani, nikamwambia Mwanasiti ile namba. Akakaa mkekani, akakamua ziwa la kushoto, akakamua la kulia. Kikombe kikajaa karibu na ukingo, na matiti yakabaki matupu. Hafsa alikuwa amelala pembeni, macho wazi. Ana miezi mitatu na mikono yake inaingia kwenye pete yangu. Ni siku ya pili hajalia.

"Hayatoshi wawili," nikasema.

"Hayatoshi," akakubali.

Nikangoja. Nilijua atamnyanyua mtoto, atanifukuza na kile kikombe, atanitukana. Nilikuwa nataka anitukane.

"Mie nina wa kwanza na wa pili," alisema, kwa sauti ile ile anayopangia chakula cha mchana. "Huyu wa pili hajaniita bado."

Akanipa kikombe.

Nilitaka kukataa. Nilitafuta ndani yangu mahali pa kukatalia, sikupaona. Maziwa yalikuwa bado ya moto. Nikayafunika kwa kiganja, nikavaa kandambili, nikatoka.