Litungu la Mzee Mukhisa Mnadani

Kila asubuhi, akishamaliza kukama, Wangila hukaa nje ya nyumba yake pale Bungoma na kuwamba ngozi. Yeye hutengeneza malitungu, zile ala za nyuzi saba zinazochezwa kwenye harusi za Wabukusu. Kazi anaijua, hilo hakuna wa kumbishia. Shida ni wanunuzi. Mwaka huo wa 2007 vijana walitaka muziki wa CD, na malitungu yake manne mapya yalikuwa darini yakila vumbi.

Binti yake Joan alikuwa mfanyakazi wa saiba moja, duka la kompyuta na intaneti, huko Kitale. Jumapili alikuja nyumbani na kamera ya kuazima.

"Baba, kuna soko kwa intaneti. Si nijaribu kukuuzia litungu?"

"Jaribu tu, mama."

Joan akapiga picha sebuleni, akarudi kazini.

Alhamisi simu ikalia. Nakhungu, mke wa Wangila, akasoma ujumbe kwa sauti: "Baba furahi! Litungu yako iko kwa mnada. Watu kumi na moja wanaing'ang'ania."

"Mnada!" Kisu kilimponyoka Wangila. Mara ya mwisho kusikia neno hilo, madalali walikuja na lori wakambeba ng'ombe wa jirani mchana kweupe, watoto wakitazama. "Nimemkosea nani mimi? Nakhungu, lete koti!"

Alifika Kitale jasho likimtiririka. Mwenye saiba, Fardosa, alimpa kiti na maji.

"Tulia, Mzee Wangila. Hakuna mtu anakunyang'anya kitu. Huu ni mnada wa kuuza tu. Kila anayetaka anataja bei, na wa bei ya juu anachukua."

"Mlianza na bei gani?"

"Dola moja," Joan akajibu polepole.

"Dola moja! Joan! Hiyo hata jogoo mgonjwa hainunui!"

"Lakini imepanda, Baba. Ona."

Wangila akainama kutazama. Wallahi, bei hakuiona kabisa. Alichokiona ni picha, na macho yakamtoka. Lile halikuwa litungu jipya la darini. Lilikuwa litungu kuukuu la ukutani, la marehemu baba yake, Mzee Mukhisa. Pale kwenye mti, alama ya kidole gumba cha mzee, iliyochimbika kwa miaka mingi ya kulicheza, ilionekana wazi.

"Umeuza baba yangu," akasema. "Joan, umeuza babu yako!"

Joan akashika kichwa. "Ndiyo ilikuwa inapendeza kwa picha! Nilidhani tutatuma mpya."

"Hapana," Fardosa akamkatiza. "Kwenye soko hili, kilicho pichani ndicho mnunuzi anatumiwa. Mnada unafungwa kesho asubuhi. Ukifungwa, mwalimu mmoja wa Norwe aliyetaja bei ya juu atalidai hilo hilo, na haki itakuwa yake."

Wangila akamgeukia. "Norwe ndiyo wapi?"

"Mbali, mzee. Soko hili lilianza na watu wa nchi moja wakipiga mnada vitu vikuukuu. Siku hizi lina nguo, magari, hata ala za muziki, na wanunuzi wa dunia nzima. Na si mnada tu. Unaweza kuweka bei kamili, mtu akipenda analipa hapo hapo. Kitu ambacho kiko kimoja tu, na umekubali kiende, peleka mnadani. Kile unachoweza kutengeneza kila mwezi, kiwekee bei kamili."

"Na hili la baba?"

"Hilo halina soko. Joan, andika."

Joan aliandika. Aliwaeleza wote kumi na mmoja kosa lake, akawaomba radhi, akauondoa mnada. Wangila hakuondoka pale kitini mpaka alipoona kwa macho yake picha ya baba imetoka.

Wiki iliyofuata, malitungu mapya yalipigwa picha, kila moja na picha yake. Joan hakuyaweka kwenye vitu vya kale, kama alivyoliweka lile la babu. Aliyaweka kwenye ala za muziki, kwa bei ambayo Wangila mwenyewe aliitaja, na gharama ya posta ikaandikwa kando. Kufikia mwisho wa mwezi yote manne yalikuwa yamekwenda. La kwanza lilichukuliwa na yule mwalimu wa Norwe.

Siku moja Joan akapiga simu. "Baba, yule mwalimu ameandika. Anasema litungu linalia vizuri sana. Ila anauliza, mbona la kwake halina ile alama ya kidole?"

Wangila akalitazama litungu la ukutani, akacheka mpaka machozi.

"Mwambie alicheze miaka arobaini."