Kalume na Ukungu wa Kaberebere

Haya yalimpata rafiki yangu Kalume, Mkongomani wa kule kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, ambaye ukimsikiliza utadhani Mungu aliumba dereva mmoja tu duniani, naye ni yeye. Waendesha bodaboda aliwaita inzi. Madereva wa malori aliwaita ng'ombe waliopewa leseni.

Asubuhi hiyo alikuwa anakwenda mjini Mbarara kununua tairi la Premio yake. Mkewe, Olga, alimsindikiza hadi garini.

"Wende polepole, baba Gradi. Ukungu iko mingi."

"Polepole ni ya bale benye hawajue gari," alijibu, akaondoka peke yake.

Alipoipita Kaberebere, kituo kidogo cha njiani, ukungu ulikuwa umemeza lami yote, kukawa giza kama magharibi. Mbele yake lori la matoke lilikuwa linajikokota. Kalume akasonya, akamtukana dereva na mama yake, akachepuka kulia ili alipite.

Hapo akasikia mlio nyuma yake. Mkanda wa kiti ulivutwa taratibu, mpaka mwisho, kisha ukafungwa: klik.

Akarudi upande wake, akaegesha kando ya barabara, akazima injini. Lori likatokomea ukunguni, kukabaki kimya.

Akageuka. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Lakini mkanda ulikuwa umefungwa, umetuna kwa mbele kana kwamba umezunguka kifua cha mtu, nao ulikuwa ukipanda na kushuka, ukipanda na kushuka, mbiombio, kama pumzi za mtu aliyeogopa sana.